Chujio la Usumba

Mniite muongo baadaye, lakini kwanza nisikilizeni mpaka mwisho. Mimi si mtu wa kupunga pepo, sijawahi kuota jini, na mambo ya waganga huwa nayacheka. Haya yalinikuta mchana kweupe, ufukweni Jambiani, niko macho, nina njaa na hasira. Ushahidi wake uko ndani ya gari langu, limeegeshwa hapa chini ya jumba letu la Michenzani. Asiyeamini ashuke, nimfungulie boneti.

Gari lenyewe ni Pijo ya zamani, nyeupe, ya umbo lile ambalo vijana wakiliona wanatoa simu kupiga picha. Marehemu mume wangu alikuwa akibeba maharusi. Wanawake wengi wa mji huu, wengine sasa wana wajukuu, walipelekwa kwa waume zao ndani ya gari lile. Mwanetu Rukia alipokuwa mdogo baba yake alimwambia, "Na wewe siku yako nitakupeleka kwa hili hili." Hakuwahi. Mungu alimchukua mapema, ahadi ikabaki kwangu pamoja na funguo.

Basi Rukia akaposwa na Makame, kijana wa Jambiani, na gari nalo likachagua wakati huo huo kuugua. Likawa linakohoa, linatoa moshi mweusi, linazimika. Fundi Sele, ambaye amelitengeneza tangu enzi za marehemu, akafungua eya klina, lile kopo linamokaa chujio la hewa, akatoa chujio limechanika mbavu zote.

"Bi mkubwa, usiliendeshe hivi," aliniambia. "Vumbi likiingia ndani, injini ndo ishakwenda."

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilizunguka maduka ya spea ya Darajani mpaka viatu vikaniuma. Nikaenda Mwanakwerekwe. Muuzaji mmoja alilishika lile chujio bovu, akaligeuza, akanirudishia kwa heshima. "Bibi, gari hili lishasahauliwa hata na waliolitengeneza." Dar es Salaam wakasema halipo. Ndugu yangu wa Maskati akalipata kwenye simu, nchi za mbali huko, lakini nauli ya kulileta ilikuwa kubwa kuliko chujio lenyewe, na mimi mshona nguo, mjane, nina harusi shingoni. Ningelipa kwa pesa gani?

Na shemeji yangu Haji, mdogo wa marehemu, hakunipa nafasi ya kupumua. Alikuwa amepata mtu wa hoteli aliyetaka kuliweka gari getini kama pambo, apande maua ndani ya boneti. Maua! "Shemeji, gari lishakufa hili, tulizike kwa heshima," aliniambia. Nilipandwa na jazba. Nikamwambia mbele ya watu kwamba likishindwa kumpeleka Rukia siku ya harusi, aje alichukue, na mimi sitasema neno. Maneno yakishatoka kinywani utayarudisha vipi?

Sasa cheka, maana hapa ndipo pa kucheka. Nilikaa jikoni nakamua tui, nikakitazama kifumbu. Kinazuia chicha, kinapitisha tui. Kwa nini kisizuie vumbi, kipitishe hewa? Nikachukua kifumbu changu cha zamani, nikakipachika ndani ya kopo la eya klina, nikafunga. Wallahi gari liliwaka! Kulipokucha, sisimizi wa jumba zima walikuwa wamehamia ndani ya injini kufuata harufu ya nazi, na kila nikikanyaga mafuta barabara nzima inanukia kama kuna mtu anapika wali.

Kwa hali hiyo hiyo, siku chache kabla ya harusi, nikapakia mapazia na vyombo vya Rukia nivipeleke kwa wakwe. Nilifika Jambiani, nyumba za mwanzo nshaziona, gari likakohoa mara ya mwisho, likanyamaza. Jua la utosi. Barabara haina mtu. Nililia, sioni haya kusema. Nikaliona akilini lile gari limesimama getini hotelini, linamwagiliwa maji asubuhi na jioni.

Ndipo nikasikia mtu anapiga makumbi. Ule mdundo wa gongo juu ya maganda ya nazi, tup, tup, tup, kutokea ufukweni. Nikachomoa kifumbu changu kwenye injini, sijui nilikichukua kwa nini, nikaufuata mdundo.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, amekaa kwenye mchanga miguu ameinyoosha, kanga yake ya rangi ya zambarau, pembeni ana rundo la usumba, nyuzi za makumbi yaliyokwisha kupigwa. Karibu naye palikuwa na duara la mawe, shimo la mtu la kufukia makumbi yalainike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho mkononi?"

Nikamweleza. Gari, chujio, kifumbu. Alicheka mpaka akaweka gongo chini.

"Umelivisha gari kifumbu? Ulitaka likukamulie tui?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka naye. Akaniambia nimletee hilo kopo lenyewe. Nikarudi garini, nikalifungua, nikampelekea pamoja na lile chujio bovu. Akapima kwa vidole vyake, ndani na nje, akasema, "Kaa. Utazame mtu anayejua."

Na kweli alijua, naye hakuficha kwamba anajua! Alichambua usumba kwa kucha, ule mgumu akauweka huku, ule laini kama nywele za mtoto akauweka huku. Akasokota kamba nyembamba juu ya paja, haraka mpaka macho yangu hayakuufuata mkono. Akafuma pete, nje uzi mnene, ndani akawa anashindilia ule laini tabaka juu ya tabaka. Mimi ni mshonaji. Nimekaa na mafundi wengi, najua mkono mzuri nikiuona, lakini mkono ule sijauona tena. Nilisahau njaa, nikasahau na jua.

"Litie oili kidogo, lilowe vizuri," alisema akinikabidhi. "Vumbi litanasa, hewa itapita. Gari la maharusi lisikohoe njiani, ni aibu."

Nikamuuliza nimpe nini. Akatikisa kichwa.

"Hiki kifumbu niachie. Halafu ukifika kwa kina Makame, waambie Mize kasema makumbi yake yafukuliwe leo, kabla maji hayajarudi. Mimi mikono haifiki."

Nikasema n'tawaambia. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikujiuliza chochote. Nilimwambia lini kwamba nakwenda kwa kina Makame? Mikono haifiki vipi na shimo liko karibu yake? Na lile kubwa kuliko yote: wanaojua makumbi wanajua uvundo wake yakitoka kwenye tope. Unaziba pua. Pale palinukia asumini.

Nilipachika chujio, nikalitia oili, nikawasha. Liliwaka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mume wangu afariki. Nikafika kwa wakwe najisifu. Bi Tatu, mama yake Makame, akanipokea kwa sharubati, na mimi bado nimesimama nikampa salamu zake. "Bi Mize kasema makumbi yake yafukuliwe leo."

Bilauri ilimtoka mkononi.

"Mize yupi?"

"Huyo bibi mwembamba wa kanga ya zambarau, yuko hapo ufukweni."

Bi Tatu akakaa chini. Bi Mize alikuwa mama yake mzazi, bibi yake Makame, na walimzika kabla ya Ramadhani. Kumbe alikuwa amefukia makumbi ili asokote mwenyewe kamba za kitanda cha harusi cha mjukuu wake. Aliwaahidi. Kifo kikamwahi. Na kwao shimo la mwanamke haliguswi na mkono wa mwingine mpaka mwenyewe atoe ruhusa kwa kinywa chake. Alipofariki bila kuitoa, hakuna aliyethubutu. Bi Tatu alikuwa akipita pale kila siku na magunia ya mwani, analitazama lile duara la mawe na kulia.

Tulikwenda wote, wanawake wa nyumba nzima. Ufukweni hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama za miguu yangu tu, za kwenda na kurudi. Mawe ya shimo yalikuwa yameota majani ya baharini, yamekamatana, yanaonyesha kabisa kwamba hayajaguswa muda mrefu. Bi Tatu akasema bismillahi, akainua la kwanza. Tukafukua mchanga na tope. Makumbi yalikuwa ya rangi ya dhahabu, halikuoza hata moja. Na katikati yao, chini kabisa, Bi Tatu akakuta kitu, akakivuta, akakitazama bila kuelewa.

Kilikuwa kifumbu changu. Bado kinanuka nazi na petroli.

Siku ya harusi Rukia alipanda gari la baba yake Michenzani akashuka Jambiani, halikukohoa hata mara moja. Shemeji Haji alikaa mbele, akishika dashibodi kama anayeomba radhi. Wanandoa walilala kwenye kitanda kilichosukwa kwa kamba za usumba ule, na mpaka leo hakijalegea. Fundi Sele amelitoa lile chujio mara nyingi kulitazama. Amejaribu kutengeneza jingine kama lile, linafumuka. Analirudisha taratibu, kwa mikono miwili.

Jambo moja tu limebaki. Baadhi ya siku nikiendesha mchana, nasikia kitu kinadunda chini ya boneti, tup, tup, tup. Fundi anasema ni valvu. Valvu gani hizo zinazodunda maji yakikupwa tu, na yakijaa zinanyamaza?

Kwa hiyo nakuonya. Ukipita ufukwe wa kusini ukaona duara la mawe, usiliguse, lina mwenyewe hata kama amekufa. Na bibi mmoja mwembamba akikutuma neno, lifikishe kabla hujanywa hata maji. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyebeba ahadi ya marehemu kwenye harusi ile, na nilikuwa na haraka ya kuondoka. Nilipokea kazi ya mkono wake, nikampa kisogo, sikumwambia hata ahsante. Sasa kila nikisikia ule mdundo, naitikia, "Naam, Bi Mize," nikiwa peke yangu garini.