Miaka Yangu ya Kuhesabu Waumini

Siku ya kwanza kazini nilipewa dawati, kalamu nyekundu na sanduku la kadi, nikaambiwa nitafute wafu.

Ilikuwa ofisi ya kanda ya kanisa letu, Randburg, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Nilikuwa nimefika Johannesburg mwaka uleule kutoka Machakos, nikimfuata mume wangu aliyepata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Nilikuwa na cheti cha uhazili na maandishi safi, na hayo mawili ndiyo yaliyonipatia nafasi ya karani wa kumbukumbu. Kila kadi ilikuwa ya mtu mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, usharika wake. Wengine kwa miaka yao wangekuwa wamevuka mia. Kazi yangu ilikuwa kuuliza ndugu na majirani kama bado wapo duniani.

Meneja wa Takwimu alikuwa Msotho wa Soweto, mtu mzima mwenye sauti ya chini, na ofisi nzima ilimwita Ntate, yaani baba. Wiki ile ya kwanza nilimpelekea kadi ya mzee mmoja nikiwa nimeipiga mstari mwekundu. Akaniuliza nimejuaje kwamba mzee amefariki. Nikamwambia jirani yake kaniambia kwa simu.

“Cheti cha kifo umekiona?”

“Hapana, Ntate.”

“Basi kwetu bado yuko hai.”

Nilidhani ananitania. Ndivyo sheria ilivyokuwa. Ukishabatizwa, jina lako hubaki kwenye orodha mpaka kifo kithibitishwe au wewe mwenyewe uandike barua ya kuomba kuondolewa. Kutokuja kanisani hakukuondoi. Ndiyo maana tulikuwa na hesabu mbili. Ya kwanza ni ya waliosajiliwa, yaani kila mwenye kadi, hata kama hajakanyaga kanisani tangu siku alipotoka majini. Ya pili ni ya mahudhurio, yaani waliokaa kwenye viti Jumapili. Kati ya hesabu hizo mbili kulikuwa na faili nene la waliopotea, watu wenye kadi ambao hakuna aliyejua wanakoishi. Makao makuu, huko ng'ambo, hesabu ya kwanza ndiyo iliyotangazwa. Sisi makarani tuliishi na ya pili.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo kwa kompyuta hamjui kuhesabu vichwa. Ntate alinifundisha mwenyewe. Unasimama nyuma ya ukumbi wakati wa wimbo wa pili, kwa sababu wachelewaji wameshaingia na wenye haraka hawajatoka. Unahesabu safu kwa safu, kushoto kwenda kulia. Mtoto wa mgongoni ni mtu. Mgeni ni mtu. Anayelinda magari nje naye umhesabu, lakini utoke ukamwone kwa macho yako.

Baada ya miaka kadhaa nilipandishwa kuwa karani mkaguzi, na usharika ulionipa kazi kuliko zote ulikuwa ule wa katikati ya mji. Ulikutana ghorofa ya tatu ya jengo la zamani karibu na stendi ya teksi, ndizo matatu za huku. Chini kulikuwa na maduka ya jumla ya mablanketi, ghorofa ya pili kanisa jingine lenye ngoma, juu yao sisi. Lifti haikufanya kazi. Waumini wengi walikuwa Wakongo na Warundi, na Waswahili wengine kama mimi, wa Kenya na Tanzania, wachache. Kiongozi wa usharika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Lubumbashi ambaye hapa aliuza mabegi. Kwetu viongozi hawalipwi. Wiki nzima alikuwa kwenye meza ya mabegi, Jumapili alivaa tai.

Ntate aliniita asubuhi moja akaniwekea mezani ripoti ya robo mwaka ya usharika ule. Waliosajiliwa walikuwa zaidi ya mia sita. Mahudhurio yaliandikwa mia moja na arobaini, kila Jumapili, miezi mitatu mfululizo. Akasema hakuna watu wanaokuja sawasawa hivyo, hata mazishini. Kulikuwa na mpango wa kuunganisha sharika zenye mahudhurio chini ya mia, na huu, kama ungekutwa chini, ungepelekwa kwenye ule wa Kensington, mashariki ya mji. Akanituma nikahesabu.

Nilipanda ngazi zile Jumapili tatu. Ya kwanza nilipata watu tisini na wanne, na mbili zilizofuata hazikuizidi. Baada ya ibada ya tatu nilimwonyesha Mwalimu, kama tulivyomwita kiongozi yule, daftari langu. Aliliangalia, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, naye akakaa.

Alikiri bila kuzunguka. Waliozidi walikuwa waumini wenye zamu za Jumapili: walinzi, wapishi, akina mama wanaolea watoto wa watu huko kaskazini ya mji. “Wako kazini, Mama,” alisema kwa Kiswahili cha kwao. “Lakini wako wetu. Nikiwaacha, nani atawahesabu?” Akaniambia pia kwamba Kensington ni teksi mbili kwenda na mbili kurudi, na mama mwenye watoto wanne hawezi kuzilipa kila wiki. Wakihamishwa, wengi watabaki nyumbani.

Halafu akaniuliza swali nililoulizwa mara nyingi maishani mwangu. Walikuwa wamesoma kwenye simu kwamba kanisa lina utajiri mkubwa ng'ambo, mashamba na hisa. Wao walitoa zaka, fungu la kumi la mapato yao, bila kukosa. Kwa nini basi wanakalia plastiki? Nilimwambia ukweli, kwamba hesabu ya mali haipiti kwenye dawati langu na sijawahi kuiona. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyetegemea hivyo.

Nilirudi Randburg na moyo mzito. Kuandika tisini na wanne kulimaanisha kuufunga usharika. Kuandika mia na arobaini kulikuwa uongo, na nilijua nisingeweza kumwangalia Ntate machoni. Nikamweleza yote, pamoja na swali la viti. Alisema viti ameviomba mara tatu, na kuhusu utajiri yeye pia anasoma magazetini kama sisi. Kuhusu hesabu, alinipa miezi mitatu. Niisafishe orodha nzima ya usharika ule, jina kwa jina, halafu niandike nilichokikuta.

Jumamosi zote za miezi hiyo nilitembea na Mwalimu. Tuligonga milango ya maghorofa, tukauliza kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, tukasubiri walinzi wabadilishane zamu. Wengine walikuwa wamerudi kwao. Wengine walitukaribisha chai wakasema waziwazi hawatarudi kanisani. Tulipata vyeti vya vifo kumi na moja.

Jambo kubwa tuliligundua kwa bibi mmoja aitwaye Ngalula. Nilikuwa na kadi yake kwenye faili la waliopotea. Nilipoisoma kwa sauti mbele ya jengo, mwanamke aliyeketi kwenye ngazi akiuza karanga akainua mkono.

“Njo mimi,” alisema, yaani ndiye mimi.

Nilimjua. Alikaa safu ya pili kila Jumapili. Kumbe alikuwa na kadi tatu. Moja ilianza na jina la ukoo, nyingine na jina la ubatizo, ya tatu iliandikwa na karani wa Kiingereza aliyesikia vibaya. Kadi mbili zilikuwa za watu waliopotea, na ya tatu ilisema amehamia Durban, mji ambao hajawahi kuuona. Miaka yote ile alikuwa anasali kama mgeni. Akaniuliza kama sasa ataruhusiwa kumwombea mjukuu wake ubatizo. Nikamwambia aliruhusiwa tangu zamani. Kosa lilikuwa letu.

Tukaanza upya, mimi na Mwalimu, tukisoma kila jina mbele na nyuma. Waliokuwa mara mbili au tatu walikuwa wengi ajabu. Na kulikuwa na watu wanaokuja kila wiki wasio na kadi hata moja, kwa sababu zao zilibaki Kongo. Mwisho wa miezi mitatu mia sita na zaidi walikuwa wamebaki chini ya mia tatu, lakini kila mmoja tulijua anakoishi. Walinzi na wapishi walisema wazi kwamba wangekuja kukiwa na ibada ya jioni.

Makao makuu hayakuzoea usharika kupungua nusu. Niliogopa wangemlaumu Ntate, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Nikampa ripoti nikamwambia kwamba tunaweza kuipunguza orodha kidogo kidogo, kila robo mwaka. Aliisoma yote.

“Umeandika ulichokiona?”

“Ndiyo.”

“Basi natia sahihi.”

Barua kali ilikuja, akaijibu. Usharika haukuunganishwa, kwa kuwa pamoja na ibada ya jioni mahudhurio yangevuka mia. Ibada ya jioni ilianza saa kumi na moja, na Jumapili ya kwanza nilihesabu walinzi kumi na tisa wakiwa na sare zao. Viti vizuri vilifika mwaka uliofuata. Lifti mpaka leo haijatengenezwa.

Nilifanya kazi hiyo mpaka mwaka juzi. Katika wiki yangu ya mwisho, kati ya barua za kuomba kuondolewa, nilikuta moja kutoka kwa mwanangu Mutua. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Barua ilikuwa ya Kiingereza, fupi, yenye adabu. Chini kabisa, kwa kalamu, alikuwa ameongeza: “Mama mimi hapana kasirika na wewe.”

Ningeweza kumwachia karani mwenzangu. Nilikaa nayo mpaka saa ya chai, nikaumia, nikalia kidogo chooni. Kisha nikafanya nilivyowafanyia wengine: nikathibitisha sahihi, nikaandika tarehe, nikalifuta jina. Barua nikaituma nzima, na mstari ule wa chini. Huko makao makuu hakuna aliyeuliza maana yake.

Jumapili ile Mutua alikuja kula kwetu Kensington. Tulikuwa jikoni, yeye akikatakata sukuma, aliponiuliza kama barua yake ilifika. Nikamwambia imefika na nimeishughulikia mwenyewe. Akaweka kisu chini.

“Iliniuma,” nikamwambia. “Lakini uliandika vizuri.”

“Hata Kiswahili?” aliuliza, kwa Kiswahili.

“Kiswahili kilikuwa kibaya sana,” nikasema, nikamsogezea kitunguu.