Nguvu Zinazounyanyua Mwili

Kitu chenye uzito, vitabu vya fizikia vya Kiswahili hukiita gimba. Mwalimu wetu wa fizikia pale Kibiti alisema mwili, na neno hilo ndilo lililonimaliza.

Nilikuwa kidato cha tatu, mtoto wa visiwani, nimepanga geto peke yangu nyuma ya stendi. Mwezi ule baba mdogo alinipigia simu asubuhi.

"Mwanangu, babako katutoka. Twazika baada ya adhuhuri."

Nilipanda bodaboda mpaka Nyamisati, kunakopandiwa mashua za kwetu. Maji yamekupwa, kijito chote tope, mashua zimelala ubavu. Nikakaa gatini kuyasubiri maji, na hasira nilizokuwa nazo sikuwa na wa kumtolea. Nilipofika nyumbani, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini.

Kwetu watu hupokezana jeneza. Kila mwanamume huingiza bega, hata aliyekuwa hasemi na marehemu. Mimi, mwanawe wa pekee, sikuingiza. Wakaniambia nijikaze. Nikajikaza kisabuni, nikarudi shule, na sikumwambia mtu. Pole nilijipa mwenyewe, getoni.

Mwezi huohuo, kwenye kipindi cha fizikia, mwalimu akachora kisanduku ubaoni.

"Huu ni mwili wa kilo hamsini, umetulia chini. Tunataka kuunyanyua." Akaninyooshea chaki. "Njoo utuonyeshe nguvu zake."

Nikachora mshale wa kushuka: uzito, nyutoni mia tano.

"Na wa kupanda, ni nguvu ya nini?"

"Mabega."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu. "Mabega ya nani?"

"Ya watu wa kwetu, mwalimu. Langu halimo."

Wakacheka tena. Sikuwalaumu, wangejuaje?

"Haya," akasema, "hayo mabega yape nyutoni mia tano na hamsini. Tafuta mchapuko. Kasi ya mwili itaongezeka kiasi gani?"

Nikatoa uzito kwenye nguvu ya mabega, zikabaki nyutoni hamsini. Nikazigawa kwa zile kilo hamsini. Mita moja kwa sekunde mraba, kuelekea juu. Nikarudia hesabu pembeni ya ubao, taratibu, huku wenzangu wakinisubiri. Ilikuja vilevile. Bila bega langu, mwili ulinyanyuka.

"Sahihi kabisa. Kaa."

Nikakaa. Nilitamani jibu lije sifuri, baba abaki pale chini barazani kwetu, asitikisike, mpaka maji yajae.