Vitufe Kumi na Viwili

Kazini walimwita Bwana Vitufe, na jina hilo alilipenda mpaka siku mdogo wake wa kike alipoajiriwa ofisi ile ile.

Programu ya dirisha la dawa pale hospitali aliitengeneza yeye: vitufe kumi na viwili, kila kimoja na maelekezo yake ya kuiamuru kompyuta. Mfamasia akibonyeza cha kwanza, "kutwa mara mbili", lebo yenye maneno hayo inatoka. Wiki ya kwanza tu, mdogo wake, aliyejifunzia kazi kwenye kompyuta ya huyo huyo kaka, akaiangalia akacheka.

"Kaka, mbona umeandika kitu kimoja mara kumi na mbili? Andika mara moja, vitufe vyote viite hapo hapo. Kinachobonyezwa kitajitaja chenyewe."

Mkuu wa ofisi alimsifu mbele ya watu. Na ndizo siku alizokuwa akitafuta wa kumkabidhi kitengo, nafasi ambayo Bwana Vitufe alishajipangia yeye. Wivu ukamjaa, chai ikamshinda.

Mdogo wake akaandika maelekezo mapya, naye kaka akaambiwa afute ya zamani. Akafuta ya vitufe kumi na kimoja. Ya kitufe cha kwanza aliyaandika wiki mkewe alipojifungua, mkono ukakataa. Akayaacha yameunganishwa pale pale, akijiambia hayamdhuru mtu.

Kesho yake asubuhi mfamasia akapiga simu: akibonyeza "kutwa mara mbili", zinatoka lebo mbili. Bwana Vitufe hata hakukumbuka yale aliyoyaacha, kwa jinsi roho yake ilivyofurahi.

"Mkuu, njoo uone kazi ya kisasa!"

Mdogo wake akafungua programu, akapitisha macho taratibu. Kitufe kimoja kilikuwa kinatii amri mbili, mpya na ya zamani. Akamtazama kaka yake. Hapo ndipo kaka mtu akakumbuka.

"Ni mimi, mkuu," mdogo wake akasema. "Nilitakiwa kukagua kabla ya kupeleka. Nisamehe."

Akafuta. Ikatoka lebo moja. Kaka mtu alitaka kusema kosa ni lake, lakini mkuu akamwahi.

"Miaka yote hapa sijasikia mtu akisema ni mimi," mkuu akasema. "Kitengo utakishika wewe."

Watu wakapiga makofi. Naye kaka mtu akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote, huku moyo ukimchoma: hata kosa alilolifanya kwa mkono wake mwenyewe, aliyepandishwa cheo kwalo ni mdogo wake.