Kanzu Ilitoka Vizuri

Nachoka hata kusimulia kisa hiki, lakini nikinyamaza sitalala. Binamu yangu Swaleh alinipa kazi ya kupiga picha za nikaha yake msikitini. Akawaomba jamaa waweke simu mfukoni, mpiga picha yupo. Mamake, kama wanawake wote wa familia, angebaki nyumbani Tudor kusubiri picha.

Mimi na shahada yangu ya chuo hatuwezi kuacha jambo bila kulichimba. Kamera yangu hupima mwanga kwa njia tatu: picha nzima, sehemu ya katikati, au nukta moja tu. Nikahofia kanzu nyeupe itameremeta mpaka darizi ya shingoni ipotee. Basi nikatundika kanzu yangu kwenye kamba ya nguo, nikazijaribu njia zote wiki nzima. Nukta ikashinda: ilipunguza mwanga mpaka kila uzi ukaonekana.

Msikitini nikailenga nukta kifuani pa Swaleh. Kila nilipotazama kioo cha kamera, nilikagua darizi tu.

Jioni tukaziweka picha kwenye televisheni.

"Mashallah, fundi kajua kudarizi," akasema shangazi yetu mmoja.

Juu ya kola palikuwa na giza, picha baada ya picha. Wiki nzima nilikuwa nimeipima kanzu isiyo na mtu ndani.

Mamake Swaleh akavaa miwani, akasogea mpaka karibu aguse kioo.

"Kanzu naiona, baba," akaniambia kwa upole. "Mwanangu yuwapi?"