Kibati Namba Thelathini na Moja

Kaka yangu ana adabu iliyopitiliza, na inaniudhi. Kazi yake ni kuongoza wageni kwenye milima hii ya mawe na vumbi, ambako hata mbuzi hapati jani la kutafuna, nami nafuata nyuma na madumu ya maji. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," hupenda kuniambia. Kupona kwenyewe ndiko huku?

Njia yetu inapita kwenye mgodi wa shaba uliofungwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Pananuka. Madimbwi ya kijani, mikojo ya wageni ukutani, karatasi za chooni zikipeperuka. Kila nikifika pale naziba pua.

Mlangoni mwa shimo kuna ubao wenye pande mbili, NDANI na NJE. Mchimbaji akishuka alitundika kibati chake chenye namba upande wa NDANI. Akitoka, alikihamisha mwenyewe. Kugusa cha mwenzako kulikuwa mwiko, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Upande wa NDANI kimebaki kimoja, namba 31. Ni cha baba. Shimo lilipoporomoka, kampuni ilimtafuta siku mbili, ikafunga virago. Kaburi hatuna. Kaka hukipuliza vumbi tu, hakigusi.

Juzi tumekaa kula, mwendo wa nusu saa baada ya kuupita mgodi, nikaona 31 inaning'inia kwenye mkoba wa mgeni mmoja, daktari wa meno.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Pale kwenye ubao, dada. Kumbukumbu tu. Si takataka zile?"

Nilitaka kumtemea mate. Kaka akaniwahi.

"Samahani, mzee wangu. Naomba tukirudishe."

Mzee wangu! Mtu kamwibia baba yetu, yeye anamnyenyekea.

Tukarudi na jua utosini, daktari akinung'unika njia nzima. Kufika, akakitundika haraka haraka, akapangusa vidole kwenye suruali kama aliyeshika uchafu.

"Haya, tayari. Twendeni."

Alikuwa amekitundika upande wa NJE.

Kaka aliusogelea ubao. Mkono wake uliinuka, ukafika nusu, ukashuka.

"Kihamishe," alisema.

"Si nimeshakirudisha? Kuna tofauti gani?"

"Wewe, kihamishe. Baba yangu hajatoka."