Glavu za Fundi Spana

Fundi Spana hakuumbiwa kukaa. Hata msibani, wenzake wameketi wanaomboleza, yeye utamkuta nyuma ya nyumba anakaza bomba linalovuja, na hakuna aliyemtuma. Kiherehere hicho ndicho kilichomlisha miaka yote ya ufundi bomba. Ndicho pia kilichotaka kumponza mkewe.

Mkewe, Mama Msusi, kiharusi kilimpata akiwa na kitana mkononi. Mkono wa kulia ukalala. Na msusi asiye na mkono wa kulia atasuka nini? Kichwa cha mtu kinataka mikono miwili, hakuna ujanja. Kwa hiyo aliposikia hospitali inatafuta wagonjwa wa kujaribia tiba mpya ya mkono, hakungoja kuambiwa mara mbili.

Tiba yenyewe ilikuwa kichekesho. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa mazoezi ya kawaida, nusu wakavishwa glavu nene isiyo na vidole, tena si kwenye mkono mgonjwa, bali kwenye ule mzima! Kutwa nzima. Ati mkono mzima ukifungwa, ule mgonjwa utalazimika kuamka. Mama Msusi akaangukia upande wa glavu.

"Na wewe, baba," binti wa hospitali aliyesimamia mazoezi akamwambia Fundi, "kazi yako ni moja. Usimsaidie."

"Hilo tu? Mbona rahisi!"

Rahisi, thubutu! Asubuhi ya kwanza mkewe alihangaika na kifungo cha gauni mpaka jasho likamtoka. Fundi akaangalia dari. Akaangalia mlango. Akaenda kukaza bawaba ambayo wala haikuwa imelegea. Kurudi, kifungo kiko palepale na vidole vinatetemeka. Akakifunga. Kifungo kimoja tu, kina ubaya gani? Kesho yake kikaja kijiko, halafu chai, halafu viatu. Mkewe akawa anamtazama tu, anasema, "Asante, mume wangu."

Liko jambo ambalo Fundi hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile ya kiharusi mkewe alimpigia simu, sauti nzito, maneno hayaeleweki. Yeye alikuwa chini ya sinki la watu, spana mkononi. "Nakuja, namalizia hapa," akasema, akakata. Na kweli akamalizia. Alipofika nyumbani alimkuta sakafuni. Tangu hapo, mkewe akihangaika hata na kijiko, yeye anaisikia ile sauti ya kwenye simu. Angekaaje, jamani?

Ikafika siku ya kipimo cha katikati ya majaribio. Mpimaji, ambaye kwa makusudi hakuambiwa nani anavaa glavu na nani havai, alimpa Mama Msusi maharage ayahamishe kutoka bakuli moja hadi jingine. Yakamwagika. Akamwambia ainue mkono hadi begani. Mkono ukaondoka mezani kidogo, ukarudi kulala. Ulikuwa vilevile kama siku ya kwanza.

Binti wa mazoezi akawaita pembeni. "Mama, glavu unavaa?"

"Navaa, mwanangu."

"Sasa vifungo vyako anafunga nani?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Mimi," akasema.

Binti hakufoka. Afadhali angefoka. "Baba, sisi tunataka kujua kama glavu inafaa. Nyumba yako inatujibu kwamba haifai, ilhali kwako haijajaribiwa hata siku moja. Muda wa majaribio ukiisha tunazikusanya glavu zote. Mkono wa mama ukibaki hivi, sitajua kama ni glavu iliyoshindwa au ni wewe."

Fundi akamgeukia mkewe. "Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Ningesemaje? Nilikuwa nakuonea huruma. Nikihangaika mimi, unakonda wewe."

Kumbe siku zote hizo mgonjwa ndiye aliyekuwa anamuuguza yeye! "Mke wangu, ile siku ya simu..."

"Najua," mkewe akasema. "Niliisikia spana inagonga. Yamepita hayo. Lakini huu mkono ni wangu, na mimi nataka kusuka."

Fundi akavuta kamasi, akamwangalia binti. "Glavu nyingine unazo?"

"Za nini, baba?"

"Nipe mbili."

Kulipokucha alivaa ya kushoto, halafu ya kulia akaufunga mkanda wake kwa meno. Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kicheko kilipoisha wakatazamana. Nyumba nzima ilikuwa imebaki na mkono mmoja wa kufanya kazi, nao ni ule mgonjwa.

Chai ilimiminwa, nusu kikombeni, nusu mezani. Fundi akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Kaa!" mkewe akasema.

Kikombe kikaanguka, kikavunjika. Fundi akajikaza, mguu unamcheza chini ya meza kama wa mwenye homa. Kifungo cha gauni nacho kikachukua muda mpaka chai iliyobaki ikapoa, kikaingia kwenye tundu lisilo lake. Lakini kiliingia.

Hapo ndipo pua ilipoanza kumwasha Fundi. Akaikuna kwa glavu. Wapi! Kitu kinene kile kinapapasa tu. Akajaribu ukingo wa meza. Machozi yakamlengalenga.

"Mama Msusi, nakufa."

"Hufi."

Mkewe akauinua ule mkono mgonjwa. Ukatoka mezani unatetemeka, ukafika kifuani, ukasimama. Fundi akataka kuinama aupokee. Akakumbuka, akashupaza shingo. Mkono ukapanda tena, ukapita bega, ukamfikia usoni. Vidole vikagusa sikio, vikateleza shavuni, vinatafuta.

"Kushoto kidogo, mke wangu," Fundi akasema.

"Basi tulia."

Akatulia.