Alama ya Ndege

Mume wangu hufundisha watalii kupiga mbizi kule Diani, na mimi hutunza chai na ng'ombe huku Roret. Miaka tuliyokaa mbalimbali imeshapita ile tuliyokaa pamoja. Watu wakiniuliza kama nimezoea, huwaambia nimezoea. Uongo mtupu.

Mwaka jana alinitumia kompyuta ya kupigia mbizi, kifaa cha kuvaa mkononi mfano wa saa kubwa, cha aina moja na chake. Alitaka likizo ya Agosti ikifika nishuke naye majini, nikajionee mahali anaposhinda. Akaniambia kwa simu nianze kukizoea. Nikizoee wapi, na Roret hakuna bahari? Nikakifunga kamba, nikakitumbukiza kwenye tangi la maji ya mvua. Mama mkwe alikuwa akikamua pale kando.

"Unavua nini hapo?" akaniuliza.

"Mtoto wako, mama."

Alicheka mpaka ng'ombe akarusha teke.

Agosti nikamwachia watoto na mifugo, nikateremka pwani kwa wiki moja. Mume wangu alinizoeza kwanza kwenye bwawa la kuogelea, kisha baharini. Chini ya maji watu hawaongei, kwa hiyo alikuwa akigusa kioo cha mkononi mwangu kwa kidole: hapa ni kina, hapa ni dakika ulizobakiwa nazo. Nikipanda upesi, kifaa kinalia, naye ananishika mguu. "Haraka haraka haina baraka," aliniambia tulipotoka. Nikajiuma ulimi nisimjibu, maana mimi katika ndoa hii sijawahi kuharakishwa na chochote.

Siku ya mwisho tulipiga mbizi asubuhi. Tulipotoka, kioo kikaonyesha ndege ndogo iliyokatwa kwa mstari.

"Hiyo inakukataza kupanda ndege mpaka kesho asubuhi," akaniambia.

"Mimi naenda na basi ya jioni."

"Basi ama ndege, Roret iko juu. Hewa yenye imeingia mwilini ukiwa chini lazima itoke polepole. Ukipanda milima nayo, itakuumiza njiani. Huendi mahali mpaka hiyo alama itoke."

Wenzangu wa pwani wakitoka majini huenda kwao wakalala. Kwangu mimi ni mlimani, na nilikuwa nimeshafunga begi. Yeye, mwalimu mzima, akasema alisahau kuniambia mapema. Sikumwamini, na nilifurahi kutomwamini.

Basi tukapata siku moja ya ziada. Aliomba ruhusa kazini, tukakaa barazani kwake bila shughuli yoyote. Alikuwa karibu yangu kiasi cha kumgusa, na bado nilikuwa na hamu naye. Kila mara nilikitazama kile kindege, nikiombea kisiondoke.

"Turudi majini kesho," nikamwambia, "ianze kuhesabu tena."

"Na chai?"

"Chai itangoja."

Hakuna mkulima wa Roret anayesema hivyo. Zamu ya kuchuna ikipita, jani linakomaa, na kule kituo cha kuuzia majani hawalipimi. Yeye mwenyewe amezaliwa ndani ya majani hayo. Alinitazama. Nilitaka aseme atarudi nyumbani. Nilitaka hilo tu, tangu nipande basi la kuja, na sikuwa na ujasiri wa kumwomba, kwa sababu angeweza kukataa.

Asubuhi tukanywa chai kwa chapati. Alikuwa ameshaniulizia basi. Nikaangalia mkononi: kioo kilikuwa cheupe, ndege imefutika. Nikaushusha mkono chini ya meza.

"Imetoka?" akaniuliza.

"Bado."

Akainua mkono wake akaangalia cha kwake. Tuliingia majini pamoja na kutoka pamoja, na pale nilipokaa nilikiona kioo chake vizuri kabisa. Hakikuwa na ndege.

"Hata yangu bado," akasema, akaniongezea chai.